"Gari Lipo, Dada, Usiwe na Wasiwasi"

Najua nimepotea, na wale mliokuwa mnaniuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi ya serikali, nawajibu kwamba nipo Tabata ileile, chumba kilekile, dawati lilelile la habari za jiji. Kilichoninyamazisha ni mambo mawili: kazi na aibu. Kazi mnaijua. Leo nimeamua kuitoa aibu hadharani, maana nimegundua kuna wengi humu mnaotembea na aibu hiyohiyo chini ya boneti na hamjui.

Mnakumbuka nilivyotamba hapa siku niliponunua gari. IST ya 2004, rangi ya fedha, imetumika Japan miaka na miaka kabla ya kushuka bandarini kwetu. Kila aliyewahi kununua gari la Japan anajua jambo la kwanza linalokukera: redio. Inakusalimia Kijapani, na FM yake inaanzia 76 inaishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo unabaki na stesheni mbili tatu, na hizo zote zinahubiri saa uliyochoka. Ndiyo maana karibu kila mmoja wetu, kabla hata hajabadilisha oili, anakimbilia kubadilisha redio.

Nami nikaenda. Nikanunua redio mpya yenye taa za bluu, amplifaya moja na sabufa la kuweka nyuma. Fundi akafunga mbele ya macho yangu, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nakunywa soda. Alipomaliza nikamwambia neno moja ambalo nimelijutia tangu siku hiyo: "Fundi, nataka ipige hata nikichomoa ufunguo." Sababu? Mpira. Jumapili washikaji wanakaa nje kwa mangi, mimi nafungua milango yote minne, mtaa mzima unasikiliza mechi, ufunguo uko mfukoni mwangu kama mtu mzima. Fundi akacheka, akasema, "Hiyo ndogo bosi." Dakika tano tu, ikawa inapiga bila ufunguo. Nikamwongezea hela ya chai.

Sasa twende kwenye aibu.

Dada yangu, ambaye mumewe anafanya kazi mgodini huko Geita, alikuja kukaa kwangu akiwa na mimba ya miezi minane, ili awe karibu na hospitali aliyokuwa akihudhuria kliniki. Mama alipiga simu kutoka Morogoro mara tatu kwa wiki, na kila mara swali lilikuwa moja. "Mwanangu, usiku ikitokea mtafanyaje?" Na kila mara nilimjibu kwa sauti ya mwenye gari: "Gari lipo mama." Dada naye nilimwambia hivyohivyo. Alikuwa ameshachukua namba ya kijana wa bajaji wa hapo mtaani, akaiandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji. Mimi nikaona kama ananitusi. Nikamwambia, "Gari lipo, dada, usiwe na wasiwasi." Karatasi hakuibandua.

Ishara zilikuwepo, tena za kutosha. Kwa karibu wiki tatu gari lilikuwa linajivuta asubuhi, stata inaguna kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, halafu linawaka. Mara mbili lilikataa kabisa siku ya Jumatatu, jirani akanibusti, nikaenda zangu kazini. Nilijiambia ni betri inazeeka, nitanunua mwisho wa mwezi. Mwandishi wa habari mimi! Mtu ambaye kila wiki anaandika kuhusu fulani aliyepuuza dalili za kuta kupasuka, sijui nani aliyepuuza mtaro ulioziba. Dalili za kwangu nilizisukuma mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi moja nilirudi saa sita mchana, nikapaki uani, sikutoka tena mpaka Jumapili ikaisha. Usiku wa kuamkia Jumatatu, saa tisa hivi, dada akagonga mlango wangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mdogo wangu, maji yamevunjika." Nikavaa suruali nyuma mbele, nikabeba begi lake, nikamkalisha kiti cha nyuma, nikazungusha ufunguo.

Tik-tik-tik-tik.

Taa za dashibodi zikawaka hafifu kama mshumaa, halafu zikafifia kabisa. Nikazungusha tena. Tik moja. Mara ya tatu hata hiyo tik haikuja. Gari ni la otomatiki, kusema litasukumwa haiwezekani. Jirani wa kubusti alikuwa kasafiri. Nimekaa pale mikono iko kwenye usukani, jasho linanitoka, na nyuma yangu nasikia dada anavyovuta pumzi na kuiachia taratibu, kama alivyofundishwa kliniki. Halafu akasema kwa upole ambao mpaka leo unaniuma kuliko angenitukana: "Kachukue ile karatasi kwenye friji."

Kijana wa bajaji alifika kwa dakika zisizozidi kumi. Tulipita Mandela, tukakata Buguruni, kila shimo nalihesabu kwa uso wa dada. Sitawaelezea safari ile yote. Nitasema tu kwamba tulifika, na kwamba jua lilipochomoza nilikuwa mjomba wa mtoto wa kiume mwenye kilo tatu na ushee. Mungu mkubwa. Lakini nesi mmoja aliniambia neno ambalo sikuweza kulitoa kichwani: mngechelewa kidogo, angezalia njiani. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikampigia mama. Alifurahi, akalia, akaomba dua. Halafu akauliza, "Gari liliwaka vizuri?" Nikamwambia ndiyo. Nimemdanganya mama yangu kwa ajili ya betri.

Ndipo nikaamua kuiendea hii kitu kama ninavyoiendea stori. Nani kaiba, kaiba lini, kaiba kiasi gani.

Nilimtafuta fundi wa umeme wa magari, mzee wa makamo mwenye kibanda karibu na Relini, mtu wa maneno machache. Nikamwambia nimekuja kununua betri mpya. Akaniuliza, "Hiyo ya zamani imekufa au imeuawa?" Nikamwangalia. Akasema kama imeuawa, basi na hiyo mpya nitaiua. Akatoa mita, ile yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akaanza kunisomesha. Niliyojifunza pale kwa saa mbili, chuoni sikuyapata kwa miaka mitatu, kwa hiyo nawapa bure.

Kwanza, betri ya gari ikiwa imejaa na imepumzika, inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12 kamili msidhani bado ni nzima kwa sababu imeandikwa 12. Hiyo imebakiwa na robo hivi. Gari likiwa linaunguruma, alteneta inasukuma kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Yangu baada ya kubustiwa na injini ikiwa inawaka ilisoma 14.2. Maana yake alteneta haina kosa. Mshukiwa wa kwanza ameachiwa huru.

Pili, gari lililozimwa halijalala kabisa. Saa inatembea, kompyuta inatunza kumbukumbu, alamu inalinda. Vyote hivyo vinakunywa umeme kidogo, na kiwango ambacho mafundi wanakikubali ni chini ya miliampea 50, yaani 0.05 ya ampea. Kinachozidi hapo ni mwizi.

Namna ya kumpima mwizi ni hii. Mzee alizima kila kitu, akafungua mlango lakini kitasa chake akakisukuma kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa na taa ya ndani izime. Akafungua waya wa hasi kwenye betri, akaiweka mita katikati: mguu mmoja kwenye betri, mwingine kwenye waya uliotoka, mita ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya mita. Akaniambia, "Hapa ukiwasha gari umeichoma mita yangu, na utanilipa." Maana stata peke yake inavuta zaidi ya ampea 100. Halafu tukasubiri nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari zinachelewa kulala. Ukipima papo hapo utamshika asiye na hatia.

Nusu saa ikapita. Mita ikasoma 0.94.

Mzee hakusema kitu. Akanipa kalamu. Piga hesabu, akasema, ampea 0.94 mara saa 24. Nikapata 22 na nusu. Betri yangu ni ya ampea-saa 45 ilipokuwa mpya. Kwa hiyo kila siku gari linakunywa nusu ya betri likiwa limepaki tu, halina mtu, halina safari. Nikajikuta napiga hesabu nyingine bila kuambiwa. Jumamosi saa sita mchana mpaka Jumatatu saa tisa usiku ni saa 39. Mara 0.94. Karibu ampea-saa 37, kutoka kwenye betri iliyochoka. Nikaweka kalamu chini.

Na siku za kazi je, mbona lilikuwa linawaka? Kwa sababu usiku mmoja ni saa 11 tu, linapoteza kama 10, asubuhi nalirudishia kidogo njiani. Lakini njia yenyewe ni foleni, injini inaunguruma polepole, kiyoyozi kimewashwa, alteneta inatoa kidogo na nusu ya hicho inaliwa hapohapo. Halafu napaki kazini saa nane nyingine, mwizi anaendelea. Kila siku betri ilikuwa inaanza na deni. Ni kama mshahara na mikopo ya simu, mnaelewa wenyewe.

Mzee akaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku mimi nimekodolea macho mita. Taa: haijashuka. Honi: haijashuka. Akaenda kwenye waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye amplifaya, akachomoa fyuzi yake. Mita ikaanguka mpaka 0.31. Akachomoa fyuzi ya redio. 0.03. Kimya.

Akang'oa redio, akavuta nyaya nyuma, akanionyesha. Redio za kufunga huwa na nyaya mbili za kuingiza umeme. Wa njano ni wa kudumu, unatunza saa na stesheni ulizohifadhi, unakunywa tone tu. Mwekundu ni wa kuiamsha redio, nao unatakiwa kushikwa kwenye waya unaopata umeme pale tu unapozungusha ufunguo. Kuna na wa bluu, huo unatoka kwenye redio kwenda kuiamsha amplifaya, ili redio ikilala nayo ilale. Kwenye gari langu wa njano na mwekundu walikuwa wamesokotwa pamoja na kufungwa kwa nailoni, na waya wa kuiamsha amplifaya ulikuwa umeunganishwa hapohapo. Kwa maneno mengine, redio na amplifaya vilikuwa macho saa 24, siku saba, hata nilipozima kwa kitufe na mtaa mzima umelala.

"Nani alikwambia ufunge hivi?" mzee akauliza. Nilitaka kusema ni fundi. Mdomo ulifunguka kabisa kusema ni fundi. Nikasema, "Mimi, mzee wangu. Nilitaka isikike bila ufunguo." Akatikisa kichwa, akasema, "Na ikasikika."

Kurekebisha hakukuchukua hata saa moja. Mwekundu ukahamishiwa kwenye waya wa ufunguo, bluu ukarudi kwenye redio. Kamera ya dashibodi na chaja za simu, ambazo nazo nilikuwa nimezidandia popote nilipoona umeme, akazikusanya kwenye rilei moja. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Ina miguu yenye namba: 30 unatoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 unakwenda kwenye vifaa vyako, 86 unashikwa kwenye waya wa ufunguo, 85 unakwenda bodi. Ukizungusha ufunguo, inasema "tak", vifaa vinapata umeme. Ukichomoa, vyote vinakatika kwa pamoja, hata ukisahau. Na ile fyuzi kaeni nayo karibu kabisa na betri, maana waya usio na fyuzi ukichunika ni moto.

Akapima tena: 0.04. Chini ya ampea-saa moja kwa siku. Sasa naweza kuliacha gari wiki mbili nikaenda Morogoro nikarudi likawaka. Betri yenyewe ilibidi ninunue nyingine, kwa sababu betri ya risasi ikiachwa tupu mara kwa mara inajengeka salfeti ngumu kwenye sahani zake na hairudi tena kama zamani. Joto la Dar nalo halisaidii.

Nilimuuliza mzee kwa nini tusifunge tu swichi ya kukata betri nzima, nikipaki nazungusha, kwisha. Akasema inafaa kwa gari linalokaa muda mrefu, lakini alamu itakufa, saa itarudi sifuri kila siku, na mwizi wa waya atakuwa bado yupo ndani, umemfungia mlango tu. Mtoe kwanza.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hamjalala leo fanyeni jambo moja dogo. Chomekeni chaja ya simu kwenye tundu la sigara la gari, zimeni gari, chomoeni ufunguo. Simu ikiendelea kuchaji, tundu hilo liko hai muda wote, na chochote mnachokiacha pale kinakunywa. Wenye kamera inayorekodi gari likiwa limepaki, hakikisheni kifaa chake kina uwezo wa kujikata volti zikishuka, 12.2 hivi. Na gari likianza kuguna asubuhi, msinunue betri kwanza. Pimeni.

Na mkibusti, mtaratibu wake: chanya kwa chanya, hasi ya gari zima, halafu ncha ya mwisho ishikeni kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri inaweza kutoa hewa ya haidrojeni na cheche inatosha kuilipua.

Mtoto ana miezi saba sasa, anakaa mwenyewe, anavuta miwani ya kila anayembeba. Wiki iliyopita walikuja kututembelea na shemeji. Wakati wa kuondoka nikasema nitawapeleka stendi. Dada akasimama kwenye friji, akaangalia. Karatasi ya bajaji bado ipo, sijaibandua, na sasa imeandikwa na namba ya pili. Akatabasamu, akaniambia, "Umekua." Gari liliwaka kwa mzunguko mmoja.

Mama nimeshamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Nilijua. Dada yako aliniambia siku ileile." Kumbe miezi yote ile alikuwa ananisubiri tu.

Mechi siku hizi tunasikiliza kwenye redio ndogo ya mangi. Wikiendi njema wadau, na msipotee kama mimi.